NYUMBA YA MAGURUDUMU: Mshono wa Mashoto

Haya, ninyi mlionitukana juma zima, nimerudi. Tulimwacha mama wa watu kitandani, nyuma kabisa ya nyumba ya magurudumu, anapiga kelele: "Simamisha gari!" Mvua inanyesha, gari halijafika hata nusu ya njia tangu litoke yadi, na mkono wake umezama chini ya godoro umegusa kitu.

Waliosema ni nyoka, poleni. Waliosema ni bunda la noti, poleni zaidi.

Shemeji mtu alikanyaga breki. Sufuria zikaruka kabatini, mlango wa choo ukafunguka wenyewe ukajibamiza, na Fundi Makochi akatoka kiti cha mbele akipepesuka mpaka kwa mkewe.

"Nini? Mgongo?"

"Achana na mgongo. Lete mkono wako hapa."

Mgongo huo ndio uliowanunulisha gari hili. Tangu uharibike, mama huyu hakai. Asimame kidogo, au alale. Hospitali inayojua migongo iko mbali, na hakuna basi linalobeba kitanda. Ndipo Fundi, mtu aliyeshonea watu makochi maisha yake yote na mwenyewe hajui kuendesha hata toroli, akanunua gari lenye kitanda, jiko na choo, na kumwomba shemeji yake, mdogo wa mkewe, dereva wa mabasi wa siku nyingi, awaendeshee hadi nyumbani.

Asubuhi ile pale yadi, Fundi alikifunga kitanda mikanda miwili mipana aliyoishona mwenyewe, mmoja wa kifuani na mmoja wa mapajani, ili mkewe asirushwe kwenye kona. Wakajaribu honi. Ikatoa kisauti chembamba cha kulialia. Mama akacheka, jambo ambalo nyumba ile ilikuwa imelisahau.

"Umeninunulia nyumba au mbuzi?"

Sasa hakuwa anacheka tena.

"Gusa hapo pembeni," alisema. "Chini. Taratibu."

Fundi akapeleka vidole. Akagusa kitambaa, akagusa uzi mnene wa kushonea magodoro, akaufuata uzi mpaka kwenye kona. Pale vidole vikakuta fundo. La, mafundo mawili, yamepandana, tena yameachwa nje ya kitambaa.

Akautoa mkono haraka kama aliyeshika pasi ya moto.

"Mke wangu, usianze."

"Sijaanza. Nimegusa tu. Nifungue hii mikanda, ninyanyue, uangalie kwa macho yako."

Akaifungua mikanda. Akamsukuma mkewe polepole mpaka akaegemea ukuta, mama wa watu akauma meno asilie. Akainua kona ya godoro, akawasha tochi ya simu.

Kwa wasioijua kazi hii, niwape somo fupi, bure. Mtu wa mkono wa kulia akishona godoro kwa shazia, ile sindano ndefu, nyuzi zake hulalia upande mmoja. Mtu wa mashoto zake hulalia upande wa pili. Na fundo la mwisho fundi hulificha ndani. "Fundo ni kama chupi," Fundi alizoea kuwaambia wanafunzi wake, "mteja haonyeshwi." Wote walisikia. Mmoja tu alikuwa mbishi. Alifunga mafundo mawili na kuyaacha nje kwenye kona, akidai fundo la ndani huchoma mgongo wa anayelala. Huyo mmoja alikuwa mwanawe wa pekee, na kwa vile alishika kila kitu kwa mkono wa kushoto, mtaa mzima ulimwita Mashoto.

Mashoto aliungua ndani ya basi miaka mitatu iliyopita. Alizikwa, watu wakalia, matanga yakaanuliwa.

Na mshono uliokuwa mbele ya tochi ya Fundi ulikuwa umelalia upande wa pili.

"Huko nyuma kuna nini?" shemeji aliita kutoka kwenye usukani. "Hapa si pa kusimama! Malori yatatupanda!"

"Njoo uone."

"Nije nione nini? Godoro?"

"Nani amekwambia ni godoro?"

Mvua inapiga bati la gari. Shemeji akaja, ameinama chini ya dari ile fupi, akaangalia. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu, na hali ya hewa ilikuwa ya koti.

"Dada, mafundi wa mashoto wamejaa duniani."

"Wanaofunga mafundo mawili na kuyaacha nje?"

"Hata hao."

Fundi mwenyewe, niseme ukweli, alikuwa upande wa shemeji. Si kwamba hakumpenda mwanawe. Aliogopa. Mtu aliyezika mara moja hataki kufukuliwa moyo azikishwe mara ya pili. Akatafuta mlango wa kutokea.

"Labda alilishona zamani," alisema. "Kabla ya ajali. Gari limepita mikono mingi hili."

"Juzi ulipokwenda kulikagua, ukirudi uliniambia nini?" mkewe akauliza.

Fundi akaishusha tochi.

"Uliniambia godoro limechanika hapa kwenye kona, sponji iko nje. Ukamwambia Meno, yule muuza magari, utalishona nyumbani. Meno akasema liache, atakupa limeshonwa, ni zawadi ya mteja. Uliniambia au hukuniambia?"

"Nilikwambia."

"Basi limeshonwa kati ya juzi na leo. Maiti hazishoni, Baba Mashoto."

Baba Mashoto! Jina hilo halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba yao tangu siku ya mazishi. Lilimpiga Fundi kifuani, akaketi sakafuni.

"Haya, basi Meno ana fundi wa mashoto," shemeji akadakia. "Kijana wa watu, amepata kibarua, ameshona godoro. Ndiyo tumlilie?"

"Kijana?" Fundi akainua uso. "Umejuaje kuwa ni kijana?"

"Nimesema tu."

"Leo asubuhi uliingia moja kwa moja kwenye usukani, hukushuka. Ulisema Meno humjui, yadi yake huijui."

"Shemeji, unanihoji mimi?"

"Nakuuliza."

Wapenzi wasomaji, kuna maswali yakishatoka mdomoni hayarudi. Fundi sasa alikumbuka yote, moja baada ya jingine. Nani aliyesema gari hili ni bovu kabla ya kuliona? Shemeji. Nani aliyeumwa tumbo ghafla siku ya kwenda kulikagua? Shemeji. Nani aliyeng'ang'ania, "Ninyi kaeni nyumbani, nitalichukua peke yangu, dada asisumbuliwe"? Shemeji huyo huyo. Na basi lililoungua, nani alikuwa dereva wake?

"Wewe ndiye uliyekwenda kumtambua mwanangu," Fundi alisema. "Mimi miguu ilikataa. Uliona nini?"

"Niliona mkanda wake. Ule wa ngozi alioshona mwenyewe. Mishono imelalia kushoto, mnaijua wenyewe. Nikasema ni yeye."

"Na uso?"

"Hapakuwa na uso, shemeji! Unataka niyaseme mbele ya dada yangu?"

"Mkanda anaweza kuuvaa yeyote."

Mama Mashoto alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho. Wote wawili walidhani anasali. Alipofumbua alikuwa analia, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Kama mwanangu anashona magodoro," alisema, "tumemzika mtoto wa nani?"

Akajifuta machozi kwa kiganja.

"Kuna mama mwenzangu mahali fulani anafungua mlango kila jioni anaangalia njia. Na mtoto wake ninaye mimi." Akamgeukia mdogo wake. "Geuza gari."

"Dada, mvua hii, na mgongo wako..."

"Mgongo wangu huu huu ndio uliokubeba wewe ukiwa mtoto, mama akiwa kazini. Geuza gari."

Akageuza.

Njia nzima Fundi alikaa pembeni ya kitanda, amemkumbatia mkewe kila kona ilipokuja. Mikanda ilikuwa inaning'inia, vishikizo vinagongana. Hakuikumbuka. Kichwani mwake kulikuwa na sauti yake mwenyewe, siku ambayo Mashoto alikusanya vitu vyake karakana akafuate kazi ya utingo kwenye basi la mjomba wake. Alimwambia nini siku ile? "Nenda. Hata ukifa, maiti yako isiletwe kwangu." Ni hasira tu. Kila baba amewahi kusema jambo la kijinga. Lakini si kila baba aliletewa maiti juma lilelile.

Yadi ya Meno iko juu ya mteremko, geti lake linatazama barabara ya malori. Shemeji aliingiza gari, akaligeuza likaelekea getini, akaliacha linanguruma.

"Zima," Fundi akasema.

"Likizimika na baridi hii halitawaka. Nenda, mimi nabaki na dada."

Na wewe msomaji najua unapiga kelele hapo ulipo: usimwache! Piga tu. Mtu anayemfuata mwanawe aliyekufa hasikii ya magazeti. Fundi alishuka akakimbia mvuani, viatu vinameza maji, mpaka ofisini kwa Meno.

Meno aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amefunga mdomo. Alikuwa anatabasamu akiuza, anatabasamu akidaiwa. Alipomwona Fundi mlangoni, meno yakapotea.

"Mzee, gari limeharibika?"

"Nani ameshona godoro?"

"Godoro lina kasoro? Nitalibadilisha."

"Halina kasoro. Ni zuri kuliko ninavyoweza mimi. Nani ameshona?"

Meno akaangalia dirishani, akaangalia sakafu. "Mzee, mimi nauza magari. Mambo ya familia za watu hayanihusu."

"Nani amekwambia ni mambo ya familia?"

Maskini Meno. Hata mwongo mzoefu hukosea njia. Akajitupa kwenye kiti.

"Alinikataza," alisema. "Aliniambia, wale wazee wasijue."

Fundi akashika meza. "Yuko hai."

"Yuko hai, mzee. Ana makovu ya moto mkono wote, ule wa kulia. Kwa kushona haumsumbui."

"Nani alimleta hapa?"

"Mjomba wake."

"Dereva wa mabasi?"

"Huyo huyo aliyewaendesha leo. Nilimwona asubuhi amejiinamia kwenye usukani nisimtambue. Alimleta na bandeji, akasema kijana amefukuzwa kwao, nimpe kazi na pa kulala. Nikampa. Fundi mzuri haulizwi alikotoka."

"Hatukumfukuza! Tulimlilia! Tulimzika!"

"Ndiyo hiyo sasa!" Meno akapiga paja. "Mjomba wake alimwambia, baba yako amesema kwake wewe umeshakufa, amekuchimbia na kaburi. Kijana hakuamini. Akatoroka hapa akaenda mwenyewe makaburini. Akakuta kaburi, lina jina lake, limepaliliwa vizuri. Alirudi hapa hata kula hakula. Akaniambia, Meno, ni kweli, wamenizika nikiwa mzima."

Fundi akamwinamia Meno juu ya meza.

"Na aliyelala mle?"

"Utingo mwenzake. Suruali ilikuwa inamporomoka, Mashoto akavua mkanda wake akampa. Ndivyo alivyonisimulia."

Ee Mungu! Mkanda wa kubania suruali, na mama mmoja akalia kilio cha mwenzake, na baba mmoja akapalilia kaburi la mgeni.

"Alikusikia juzi," Meno akaendelea kwa sauti ya chini. "Ulipokuwa unanieleza habari za mgongo wa mama. Alikuwa nyuma ya gari la pili. Ulipoondoka alilifumua lile godoro lote, akalishona upya. Nikamwambia ficha fundo, mteja ni fundi, ataona. Akasema, ndiyo, ataona."

"Yuko wapi?"

Meno akanyoosha kidole mlango wa stoo, uliokuwa nyuma ya rundo la viti vibovu.

Fundi akaurukia. Umefungwa kwa ndani. Akapiga kwa kiganja, halafu akaacha kupiga, akaegemeza paji la uso kwenye mbao.

"Mashoto."

Kimya, lakini kimya chenye mtu ndani. Wazazi mnakijua.

"Mwanangu, nilisema maneno. Sikatai. Nilisema maiti yako isiletwe kwangu. Ikaletwa, nikaipokea kwa mikono yote miwili, nikaangukia juu yake mpaka watu wakanibeba. Kaburi ulilolikuta limepaliliwa, nalipalilia mimi. Kila Jumamosi, kwa mikono yangu. Kama sikutaki, napalilia nini?"

Akasikia pumzi upande wa pili.

"Fundo liache nje," Fundi akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi mbele ya Meno na mbele ya viti vibovu. "Umeshinda. Mama yako amelala juu yake, halimchomi. Fungua."

Komeo likasogea.

Na hapohapo, nje, injini ikapandisha sauti. Magurudumu yakasaga kokoto. Fundi aligeuza shingo, akaona kupitia dirisha la ofisi ile nyumba yake ya magurudumu inatoka getini bila taa, mlango wa ubavuni unapigapiga. Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na kiganja cha mkewe, kimefunguka. Kisha gari likakata kona na kiganja kikateleza kikapotea.

"We! We dereva!" Meno alikuwa tayari yuko mvuani, anapiga kelele kwenye barabara tupu.

Mlango wa stoo ukafunguka. Alisimama pale kijana mwembamba, ndevu zimemwota, mkono wa kulia umekunjamana kwa makovu hadi kwenye vidole. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umeshika shazia yenye uzi.

"Baba," alisema.

Lilikuwa neno ambalo Fundi angelilipia kwa macho yake yote mawili. Sasa limekuja, hana nafasi ya kulipokea.

"Mama yuko wapi?"

"Mle garini."

"Na nani?"

"Na mjomba wako. Nimemwacha naye. Amekimbia naye."

Uso wa Mashoto ukabadilika. Akamshika baba yake mkono kwa nguvu mpaka mfupa ukauma.

"Baba, mjomba akiogopa haoni barabara. Siku ile alikuwa amelewa, polisi wakamsimamisha juu ya mteremko, basi limejaa watu. Akakimbia hivi hivi. Nilimwambia mjomba simama, simama, hakunisikia, mpaka basi likaacha njia likawaka moto. Ndiyo maana alinificha. Ni mimi tu niliyebaki ninayejua."

"Atapunguza mwendo. Ni dada yake."

"Hata mimi nilikuwa mpwa wake." Kijana akatazama geti. "Asubuhi nilichungulia nikakuona unafunga ile mikanda kitandani. Nikasema, mzee bado hajambo. Umemfunga vizuri, sivyo? Yote miwili?"

Fundi Makochi akaitazama mikono yake. Miaka yote ile ilikuwa imefunga kila kilicholegea katika nyumba za watu.

"Nilimfungua," alisema. "Nilimfungua ili niuangalie mshono wako."

Walisimama wote wawili, wameshikana, wanasikiliza. Kutoka chini ya mteremko, ndani ya mvua, ikaja honi, ile nyembamba ya kulialia. Ililia, ikaendelea kulia, na haikukatika.